Nuru Inayomngojea Mtu

Mlango wa Lamu uliochongwa na fundi stadi hauombi kitu kwa mpita njia. Nakshi zake ziko pale pale mchana na usiku, mtaa ukiwa na watu au ukiwa mtupu. Na mtu akipita ameinamisha kichwa asiutazame, mlango haukupungukiwa na lolote. Hasara ni yake. Ndivyo zilivyo kazi nyingi za sanaa tulizozirithi: kinyago, mkufu, mkeka wa rangi, picha ukutani. Fundi akisha weka patasi chini, kazi imekwisha, na sisi tujao baadaye ni wageni wa kitu kilichotimia zamani.

Katika zama zetu imetokea sanaa ya namna nyingine, na juu ya hiyo nataka, msomaji, tufikiri pamoja. Ni sanaa ifanywayo kwa taa, vioo, mitambo na kompyuta, nayo hupangwa ikaenea chumba kizima au uwanja mzima, hata mtu haitazami kwa mbali kama atazamavyo picha, bali huingia ndani yake kama aingiavyo nyumbani. Tena mtu asipokuwamo, kazi hii haijatimia. Taa zimetungikwa, nyaya zimeunganishwa, mtambo uko macho. Walakini linalotakiwa halitokei mpaka aje mtu, anyoshe mkono, aseme neno, au apite tu. Swali langu ni hili: mtu anayengojewa hivyo na kazi ya sanaa, je, ana wajibu wowote? Au yu huru kama mtoto abonyezaye kengele ya mlango wa jirani akakimbia?

Yamkini utasema swali hili ni dogo, nami sitabisha kwamba hapana aliyekufa kwa kukosa jibu lake. Lakini tazama vitu vinavyokuzunguka. Kila mwaka vinaongezeka vile vinavyotungoja, vinavyotutazama na kutujibu. Mlango wa duka kubwa hufunguka wenyewe ukikaribia. Simu ya mjomba wako humtambua kwa uso wake. Mtu azoeaye kujibiwa na kila kitu, wala asijiulize yeye mwenyewe awajibike kwa nani, ataishi kama sultani mdogo katika nchi isiyo na raia. Wasanii wa nuru wamelishika jambo hili wakaliweka chumbani, mahali tunapoweza kulizunguka na kulipima.

Sanaa yenyewe haikuanza jana. Mwaka 1930 László Moholy-Nagy, mzaliwa wa Hungaria, alionyesha mjini Paris chombo cha chuma na kioo kilichozungushwa kwa mota, taa zikakipiga, na vivuli vyake vikatembea kutani. Mwaka 1963 Mmarekani Dan Flavin alichukua taa ndefu ya mrija, ya aina iuzwayo dukani na iwakayo katika maofisi, akaitundika mshazari ukutani, akatosheka nayo. Taa hizo ziliangaza, lakini hazikumwona mtu. Kilichokuja baadaye ni macho na masikio: kamera, vipima, na kompyuta za kuyafasiri yale yanayoonwa. Hapo ndipo nuru ilipoanza kungoja.

Chukua kazi moja tuiweke mezani. Rafael Lozano-Hemmer alizaliwa katika mji mkuu wa Meksiko mwaka 1967, akasoma kemia katika chuo kikuu huko Montreal, Kanada, kisha akageukia usanii. Mwaka 2006, katika mji wa Puebla nchini kwao, alitungika balbu 100 za mtindo wa zamani, zile zenye uzi unaopata moto ndani ya kioo, kila moja ya wati 300, zikaning'inia juu ya vichwa vya watu kiasi cha mita tatu kutoka sakafuni. Upande mmoja wa chumba aliweka kiguzo chenye vishikio vya chuma. Mgeni akivishika, kipima kilichomo huyapokea mapigo ya moyo wake kutoka viganjani, na balbu iliyo karibu naye huanza kuwaka na kufifia kwa mwendo ule ule: mwepesi kama amepanda ngazi mbio, wa taratibu kama ni mtu mzima aliyetulia. Kazi hiyo inaitwa Pulse Room, nasi tuiite Chumba cha Mapigo.

Mgeni akiachilia vishikio, balbu zote huzimika kwa nukta chache. Kiza hushika chumba. Kisha huwaka tena, na kila pigo limesogea balbu moja mbele. Lako limetoka balbu ya kwanza kwenda ya pili. La aliyekutangulia limetoka ya pili kwenda ya tatu. Na hivyo hivyo mpaka mwisho wa msururu. Lile lililokuwa katika balbu ya mia halina pa kwenda. Limefutika.

Hebu tusimame hapa, maana hapa pana uzito kuliko panavyoonekana. Ulipoingia chumbani ulikuta mapigo ya watu 100 usiowajua, kila moja kwa mwendo wake, hata dari nzima ikawa inachezacheza kama bahari inapopigwa na mbalamwezi. Hukuwaona watu wenyewe. Wengine walikwisha kurudi makwao, wengine wamo garini. Wewe ukanyosha mikono. Kwa tendo hilo moja, lisilo na ubaya wowote, ulijipatia mahali, na mtu mmoja akapoteza mahali pake. Nawe utadumu humo mpaka watu 100 wengine wapite baada yako. Siku ya watu wengi ni saa chache. Siku ya mvua pengine utavuka hata kesho.

Lozano-Hemmer ameeleza kuwa wazo lilimjia kwa filamu ya nchi yake iitwayo Macario, iliyotengenezwa mwaka 1960 na Roberto Gavaldón. Ndani yake mkata kuni maskini, aliyesumbuliwa na njaa maisha yake yote, anajiona ameingia katika pango la Mauti, na pangoni mna mishumaa isiyohesabika, kila mshumaa ni uhai wa mtu mmoja. Kuna mirefu, kuna iliyokwisha kuwa vipande. Msanii alibadili mshumaa ukawa balbu. Lakini aliongeza jambo ambalo pangoni halimo. Pangoni ni Mauti azimaye. Chumbani ni mimi na wewe.

Je, nimemdhulumu yule wa mia? Nimelipima swali hili, na jibu langu ni kwamba sikumdhulumu, kwa kuwa naye aliingia kwa mlango ule ule, akamwondoa mwingine. Angekataa kuondoka, asingalistahili kuingia. Walakini kutodhulumu si sawa na kutodaiwa. Fikiri juu ya dawati uliegemealo darasani. Pengine juu yake yamechorwa kwa ncha ya bikari majina ya wanafunzi waliomaliza kabla hujazaliwa. Hukumnyang'anya yeyote dawati hilo. Hata hivyo, mwanafunzi ajuaye kuwa anakalia mahali pa mtu hukaa kwa namna nyingine kuliko yule adhaniaye kuwa dawati lilichipuka pale kwa ajili yake. Mmoja atakaza msumari uliolegea. Wa pili atauchokoa mpaka utoke.

Wako watakaosema kuwa naipamba hadithi: balbu ni balbu, umeme ni umeme, na moyo wa mtu haumo. Ni kweli haumo. Lakini alama ya mtu, ijapokuwa si mtu, si kitu kitupu pia. Barua ya marehemu bibi yako si bibi yako, wala huwezi kuifungia maandazi. Kwa nini? Wino ni wino na karatasi ni karatasi. Ukipata jibu la swali hilo umepata na la balbu.

Yafaa nitengue hapa dhana moja inayopendwa na waandishi wa magazeti, kwamba mtazamaji kuwa mshiriki ni uvumbuzi wa zama za kompyuta. Mtoto wa pwani aliyepata kulala miguuni pa bibi yake anajua sivyo. Bibi husema "Paukwa", akanyamaza. Na pasipo mtu wa kujibu "Pakawa", hadithi haiendi popote. Kitendawili hakitegwi mpaka mtegewa aseme "Tega". Na ngoma isiyo na wa kuitikia ni kelele za mpigaji. Babu zetu walijua kazi inayongoja mtu. Tena waliijua kuliko sisi, maana kwao aliyengoja alikuwa mtu.

Hapo ndipo tofauti ilipo, nayo si ndogo. Ukikaa kimya bibi alipokwisha sema "Paukwa", unamvunja moyo. Aweza kukasirika, aweza kukuuliza kama unaumwa. Mtambo haukasiriki. Ukiujibu au usiujibu, ukiuchezea au uuheshimu, ndani yake hakuna anayejali. Kwa hiyo ule wajibu tunaoutafuta hauwezi kuwa kwa mtambo wenyewe, na mtu ahurumiaye taa amepotea njia. Ukiwapo wajibu, ni kwa watu: aliyeitengeneza kazi, waliopita kabla yako, na wale mliomo chumbani pamoja saa ile. Kipimo changu cha kazi hizi kinatoka hapo. Kazi inayonikutanisha na watu hao ni njema. Inayowafuta ili nibaki peke yangu na mtambo, naishuku, hata iwe ya kupendeza namna gani.

Kwa kipimo hicho nina mashaka na Rain Room, yaani Chumba cha Mvua, kilichotengenezwa na kundi la wasanii liitwalo Random International na kuonyeshwa London katika jumba la Barbican mwaka 2012. Mvua hunyesha mle ndani kutoka darini, taa moja kali ikiimulika. Nawe ukitembea taratibu, kamera hukuona, na matone hukoma pale pale ulipo, hata ukapita katikati ya gharika u mkavu. Kwa miaka ya karibuni iko nyumba iliyojengwa makusudi kwa kazi hiyo katika mji wa Sharjah, Ghuba. Sikatai kuwa ni ajabu. Lakini mtu wa Ukambani, aliyekwisha kutazama mawingu yakipita juu ya mahindi yake bila kudondosha tone, atacheka kidogo akiambiwa kuwa wako watu wanaopanga foleni waikimbize mvua. Mvua ya kweli humnyeshea mwenye haki na mwenye dhambi, wala haimwulizi mtu anasimama wapi. Mvua inayokupisha yakufundisha nini? Wenye kuitetea husema kuwa ukikimbia utalowa, kwa hiyo yafundisha utulivu. Basi na iwe hivyo. Ila ni utulivu wa mtu anayejilinda nguo.

Wajapani wa kundi la teamLab, lililoanza Tokyo mwaka 2001, wamekwenda mbele zaidi kwa maoni yangu. Katika baadhi ya vyumba vyao maua ya nuru huchorwa na kompyuta sakafuni na kutani. Ukisimama kimya, maua huchipuka kukuzunguka kwa wingi. Ukiyagusa au ukipita juu yake, hupukutika na kufa. Mahali hapo raha yangu yaweza kuwa hasara ya jirani. Nikikimbia huku na huko, naua bustani ambayo mtoto aliye nyuma yangu alikuwa akiingojea. Jambo lenyewe ni la mchezo, lakini umbo lake ni lile lile la mambo yasiyo ya mchezo.

Sasa nikupe mfano ulionifikirisha zaidi juu ya ukweli na uwongo. Olafur Eliasson ni msanii wa Denmaki mwenye asili ya Aislandi. Tarehe 16 Oktoba 2003 alifungua kazi yake iitwayo The Weather Project katika ukumbi mkubwa wa Tate Modern, London, jengo ambalo zamani lilikuwa kituo cha kuzalisha umeme. Mwisho wa ukumbi lilionekana jua kubwa la manjano, likielea katika ukungu mwepesi. Watu walilala chali sakafuni kama waliolala ufukoni, wakalitazama. Mpaka lilipoondolewa mwezi wa Machi 2004 walikuwa wamekuja zaidi ya milioni mbili.

Jua hilo lilikuwa nusu tu. Eliasson alipanga taa zipatazo 200 katika umbo la nusu duara, akafunika dari nzima kwa kioo, na kile kioo kikaitimiza nusu ya pili. Taa zilikuwa za namna itoayo rangi moja tu, karibu ya ile ya taa za barabarani za zamani, hata kila kitu ukumbini kikawa manjano au cheusi. Nguo nyekundu na nguo ya buluu hazikutofautika. Ukungu ulitoka katika mashine zilizofuka maji yaliyotiwa sukari. Wale waliolala chali walijiona darini, wadogo kama siafu, mbali sana. Mwanzo kila mtu alijitafuta mwenyewe: alipunga mkono ili ajue yupi ni yeye. Kisha lilitokea jambo ambalo halikuandikwa popote. Watu wasiojuana walianza kulala kwa kupangana, wakiunga miili yao mpaka ikawa maumbo na herufi zinazosomeka darini. Mtu mmoja hawezi kuwa herufi. Kioo kilichoanza kwa kumwonyesha kila mtu nafsi yake kilimaliza kwa kumwonyesha kuwa peke yake hasomeki.

Ama juu ya uwongo: jua lile lilikuwa la bandia, na mchukivu aweza kusema kuwa milioni mbili walidanganywa. Lakini msanii hakuficha chombo chake. Aliyetembea mpaka chini ya jua na kuinua macho aliziona taa, nyaya na vyuma; aliyepanda ghorofa ya juu aliona jinsi kioo kilivyofungwa. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na huyu aliacha mlango wazi ili vionekane vilivyoundwa. Mwongo hutaka usijue. Mchezaji wa kiinimacho hutaka ujue kuwa umechezewa, ila usijue vipi. Eliasson alitaka ujue vyote viwili, na jua liendelee kukupendeza hata hivyo. Mimi naiona hiyo kuwa heshima kubwa kwa mtazamaji, nami ningependa wauza bidhaa na waomba kura wajifunze kwake. Tazama tena: kujua siri hakukuliharibu jua. Waliokwisha kuziona taa walirudi wakalala.

Heshima hiyo nimeitaja kwa sababu mtambo unaomwona mtu waweza pia kumwibia. Chumba cha Mapigo huchukua pigo la moyo; chumba kingine huchukua sauti, kingine uso. Kinachochukuliwa huenda wapi? Lozano-Hemmer amelijua swali hili, na mwaka 2015 alilijibu kwa kazi yenye uchungu.

Usiku wa tarehe 26 Septemba 2014, katika mji wa Iguala huko Meksiko, wanafunzi 43 wa chuo cha ualimu cha Ayotzinapa walikamatwa, wasionekane tena. Walikuwa vijana, wengi wao wakubwa kwako kwa miaka michache tu, watoto wa wakulima waliotaka kuwa walimu wa vijijini. Mpaka leo ni mabaki ya wachache tu kati yao yaliyotambuliwa. Miezi sita baadaye Lozano-Hemmer alitoa kazi iitwayo Level of Confidence. Nayo ni kamera na kioo cha kompyuta chenye nyuso za wale 43. Ukisimama mbele yake, mtambo huupima uso wako kwa njia zile zile watumiazo askari polisi na majeshi wanapomtafuta mshukiwa, huulinganisha na nyuso za wanafunzi, kisha hukuambia ni yupi unayefanana naye zaidi, na kwa kiasi gani katika mia.

Hautampata. Hilo lilijulikana tangu mwanzo. Mtambo uliofanywa kumsaka mhalifu umegeuzwa umtafute aliyepotea, nao utaendelea kumtafuta katika uso wa kila apitaye, bila kuchoka, bila kumwona. Lakini wewe umesimama pale, umeambiwa kuwa macho yako na kidevu chako vinafanana na vya kijana fulani aliyetakiwa kuwa darasani. Msomaji, hapa sioni tena mchezo. Mtu huyo hakukujua, wala hukumjua. Lakini kwa dakika moja umeazimwa jina lake. Utalifanyia nini? Sanaa haiwezi kumrudisha. Yaweza tu kukunyima raha ya kusema kuwa habari zake hazikuhusu.

Nimefika kwenye hoja ambayo najua imekuwa ikikuwasha tangu nilipotaja wati 300. Balbu 100 za wati 300, zikiwaka zote kwa ukamilifu, ni wati 30,000. Kwa nguvu hiyo zingewashwa taa ndogo za wati tatu 10,000, kila moja yatosha mwanafunzi mmoja kusomea. Nao wako katika nchi yetu wanafunzi wanaosoma kwa koroboi, moshi wake ukiwachoma macho. Ni haki gani basi kuwasha nuru isiyosomewa kitu?

Hoja hii ni nzito, wala siipunguzi kwa kusema kuwa balbu zile hazikuwaka zote kwa pamoja. Eliasson mwenyewe aliihisi. Mwaka 2012, pamoja na mhandisi Frederik Ottesen, alitoa taa ndogo ya jua iitwayo Little Sun, yenye umbo la ua la manjano, ya kutundika shingoni au ukutani. Ikauzwa kwa bei kubwa zaidi kwa watu wenye umeme, ili wasio nao, katika nchi za Afrika zikiwamo Ethiopia na nyinginezo, waipate kwa bei wanayoimudu. Wapo waliosema kuwa hiyo si sanaa, ni biashara ya taa. Mimi nasema mwenye kuikataa kwa sababu inatumika hana haja ya kusoma gizani.

Hata hivyo sitaki kuruka upande wa pili nikasema kuwa nuru isiyosomewa ni haramu. Harusini huwashwa taa nyingi kuliko zinazohitajika kuonea pilau. Siku ya Maulidi Lamu hupambwa, na hapana aulizaye ni vitabu vingapi vingesomwa kwa taa zile. Watu walio maskini kuliko sisi walichonga milango kwa miezi, na mlango usio na nakshi hufunga vile vile. Palipo na ufisadi ni pale anasa ya mmoja inapokula cha lazima cha mwingine, na hilo halijulikani kwa kuhesabu wati tu. Wizi wa fedha za shule umewazimia taa watoto wengi zaidi kuliko wasanii wote wa dunia.

Bado moja, nayo ndiyo niipendayo kuliko zote. Mto uitwao Rio Grande na Wamarekani, na Río Bravo na Wameksiko, unaipita miji miwili iliyogusana, El Paso na Ciudad Juárez, na mpaka wa nchi mbili uko katikati. Ndugu wako upande huu na upande ule, kama ilivyo kwetu Moyale. Tarehe 3 Agosti 2019 mtu mwenye bunduki aliingia dukani El Paso akiwalenga watu wa asili ya Kimeksiko, na watu 23 wakapoteza maisha. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule Lozano-Hemmer aliweka katika miji yote miwili taa kubwa za kumulika angani, za namna itumiwayo mpakani kuwatafutia watu wavukao usiku. Kila upande palikuwa na vituo vitatu, na kila kituo kilikuwa na gurudumu, kinasa sauti na kipaza sauti. Aliyelizungusha gurudumu aliiendesha miale ya nuru juu ya mto, kama mvuvi atafutaye kitu kwa pondo. Miale yake ilipokutana na ya mtu wa ng'ambo, njia ya sauti ilifunguka kati yao, wakasikizana. Na kwa kadiri walivyosema, nuru ilitetema angani kwa kufuata sauti zao, hata aliye mbali asiyesikia neno aliweza kuona kuwa watu wanazungumza.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika kazi hii hapakuwa na mgeni wala mwenyeji, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akimngoja mwenziwe. Mtambo ulifanya kazi ndogo kuliko yote: ulishikilia njia tu. Walisalimiana, waliulizana habari, wengine waliimba. Mmoja akiachilia gurudumu, au akiisogeza nuru yake upande, sauti ya pili ilikatika katikati ya neno. Kwa hiyo aliyetaka kusikia ilimbidi atulize mkono. Baada ya siku chache taa zilizimwa zikafungashwa. Madaraja ya saruji yalibaki na askari wake, na wale waliojibizana walikuwa wamekwisha kurudi makwao, kila mmoja upande wake wa mto.